Binti yangu aende Hispania Septemba hii kwa Turing, au asubiri Erasmus irudi 2027?

BintiPangani, Coventry
11 Januari 2026

Assalaam alaykum ndugu zangu, na heri ya mwaka mpya.

Nina jambo linaloninyima usingizi hata nikitoka zamu ya usiku nimechoka. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni hapa England, anasoma Kihispania na historia. Shahada yake ni ya miaka minne, na mwaka wa tatu ni lazima aukae nje, kwenye nchi inayozungumza lugha anayoisoma. Amezaliwa hapa, ana pasipoti ya Uingereza.

Siku tuliyokwenda kukitembelea chuo, mwaka 2023, kulikuwa na ramani kubwa ukutani yenye vidoti vyekundu: Granada, Salamanca, Valencia, na kwingine siwezi kupataja sawasawa. Mwanangu alisimama pale mpaka nikamvuta mkono. Tangu siku ile ni Granada tu. Ananiambia mama, azúcar ni sukari, alcalde, yaani meya wao, ni neno letu kadhi, yote kutoka Kiarabu, hawa watu tumekunywa nao kisima kimoja. Nimemlea kwa Kiswahili cha Pangani, na kumsikia anayaunganisha maneno yangu na ya huko kunanifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Novemba iliyopita wakatoa orodha ya nafasi za Septemba 2026. Granada haimo. Ofisi ikamwambia mkataba ulikwisha na wenzao hawakuuhuisha. Kwa darasa zima zimebaki nafasi chache Hispania, wanagombea. Halafu tarehe 17 Desemba tukasikia kwamba Uingereza inarudi Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mwaka 2027. Sasa kila ninayekutana naye ananiambia asubiri. Mwanangu mwenyewe yumo katikati, siku moja anasema aende, siku ya pili anasema asimamishe masomo mwaka mmoja.

Naomba mnisaidie mambo haya. Kusubiri kuna faida? Hii fedha ya Turing, mpango wa serikali ya hapa wa kuwalipia wanafunzi wanaokwenda nje, inapatikana kweli au ni maneno ya tovuti? Na viza ya Hispania, nimeambiwa aonyeshe euro 600 kwa kila mwezi atakaokaa. Kwa miezi tisa hiyo ni euro 5,400. Mimi natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, nina mtoto mwingine bado yuko shule ya msingi, na kodi ya nyumba nalipa peke yangu. Tuna upatu wa akina mama hapa Coventry, na zamu yangu ya kupokea ni Mei. Nilikuwa na nia ya kuiweka fedha yote kwenye akaunti yake ili ionekane.

Msinifiche kitu.

MzeeWaSlough
11 Januari 2026

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi ningesema asubiri. Erasmus naijua tangu miaka ya 90, watoto wa rafiki zangu walikwenda Ujerumani na Italia bila shida yoyote. Mwaka mmoja katika umri wa miaka 20 si mwingi. Afanye kazi, aweke akiba, 2027 aende kwa raha. Mambo yatakuwa kama zamani.

Kibokoni, Leeds
12 Januari 2026

Dadangu BintiPangani, pole na zamu. Mzee wetu wa Slough nasema naye kwa heshima, maana amesema kwa nia njema, lakini neno lake la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Mambo hayatakuwa kama zamani. Haya yamepita nyumbani kwetu mara mbili, kwangu na kwa mdogo wangu, na yanatofautiana kama mchana na usiku.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, nililetwa hapa nikiwa na miaka 11. Nilisoma Kihispania, na 2010 nikaenda Granada, kulekule anakokutaka binti yako. Nilijaza fomu ya Erasmus ofisini kwa mwalimu, tukaikamilisha kabla chai haijapoa. Ada ya mwaka ule sikulipa hata peni, kwa sababu siku hizo aliyekwenda Erasmus mwaka mzima alisamehewa ada. Septemba nikapanda ndege hadi Málaga, nikashika basi, nikalala hosteli siku sita huku natafuta chumba, nikakipata Realejo, mtaa wa vilima na ngazi. Serikali ya Hispania ilichotaka kwangu ni nijiandikishe tu. Nikapanga foleni asubuhi moja, nikapewa kikaratasi cha kijani chenye namba yangu, basi.

Mdogo wangu alikwenda 2022, mji mwingine wa Andalucía, shahada ileile, pasipoti ileile. Kwa kungoja viza, alifika wiki tatu baada ya masomo kuanza. Vyumba vya karibu na chuo vilikuwa vimekwisha, na somo moja alilolitaka lilikuwa limejaa. Mamangu alilia simu mkononi, mara ya kwanza kumsikia akilia kwa jambo la karatasi.

Kati yangu na yeye ndipo ilipoingia kura ya 23 Juni 2016. Uingereza ikatoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba mwaka huohuo. Hapo viliondoka vitu viwili kwa pamoja, na watu wengi wanavichanganya, hata wasomi. Cha kwanza ni Erasmus, yaani mpango wenyewe wa kubadilishana wanafunzi na fedha yake. Huu Uingereza ingeweza kubaki nao kwa kulipia. Norway haimo katika Umoja na imo katika Erasmus, Uturuki vivyo hivyo. Serikali ya hapa ikaona gharama ni kubwa, na 24 Desemba 2020, siku waliyotangaza makubaliano ya biashara, wakatangaza pia kwamba wanautoka na kuanzisha wao Turing. Cha pili ni haki ya kwenda kuishi nchi yoyote ya Umoja bila kuomba ruhusa. Hii iliondoka kwa kule kutoka kwenyewe.

Dadangu, kinachorudi 2027 ni kile cha kwanza tu. Cha pili hakirudi. Aende Septemba hii kwa Turing au Septemba ya mwakani kwa Erasmus, atakwenda ubalozi mdogo wa Hispania na bahasha ileile ya karatasi. Mimi mwenyewe kilichonibeba 2010 hakikuwa ile fedha ya Erasmus, ambayo ilikuwa ndogo na ililipwa kwa mafungu mawili. Kilichonibeba ni ile pasipoti. Nimechukua miaka kulitambua hilo.

Tena hayo makubaliano ya Erasmus ni ya mwaka wa masomo 2027/28 peke yake kwa sasa. Mzunguko wa sasa wa Erasmus unaisha 2027, na mzunguko mwingine utakuwa na mazungumzo yake ya fedha. Binti yako akisimamisha masomo anakuwa mwaka mzima hana mkopo wa kujikimu, na darasa lake linamwacha. Kwa faida gani? Mimi sioni.

Kuhusu Granada kutoka kwenye orodha, usidhani chuo cha mwanao kimezembea tu. Mikataba hii huhesabu vichwa. Mimi natuma wawili kwako, wewe watuma wawili kwangu, kila mmoja anamlipa ada wa kwao na anasoma kwa mwenzake bila kulipa tena. Hata zama za Erasmus waliokuja Uingereza walikuwa wengi kuliko waliotoka, kwa sababu dunia nzima inataka Kiingereza, kwa hiyo wenzetu walikuwa na hamu ya mkataba. Turing ikaja ikalipia wanaotoka tu. Kijana wa Granada anayetaka kuja hapa hapati kitu ndani yake. Akitaka kukaa zaidi ya miezi sita aombe viza ya mwanafunzi, pauni mia tano na kitu, na juu yake mchango wa afya wa pauni 776 kwa mwaka. Huyo atakwenda Dublin au Uholanzi, ambako masomo ya Kiingereza yapo na viza haihitajiki. Wakiacha kuja, hesabu ya vichwa haiendi sawa, na siku mkataba ukifika mwisho, mwalimu wa kule anajiuliza kwa nini autie saini tena. Hivyo ndivyo kidoti chekundu kinavyofutika kwenye ramani.

Wales waliliona hilo mapema. Wakaunda mpango wao 2022, unaitwa Taith, neno ambalo kwa Kiwelshi maana yake ni safari, na unalipia wanaokwenda na wanaokuja. Watoto wa vyuo vya Ireland ya Kaskazini waliahidiwa na serikali ya Dublin kwamba italipia wapate Erasmus. Watoto wa England ndio walioachiwa mlango wa upande mmoja.

Sitaki kuisema Turing vibaya kupita haki yake. Erasmus ya zama zangu ilikuwa Ulaya tu kwa sehemu kubwa, na Turing inakwenda popote duniani. Mwenzake mdogo wangu aliitumia kwenda Mexico, na kwa mtu wa Kihispania huo ni mwaka wa maana sana. Tena inawatazama watoto wa kipato cha chini kweli. Kama kipato cha nyumba yako kwa mwaka hakizidi pauni 25,000, anaingia kwenye kundi linaloongezewa posho ya mwezi na kusaidiwa nauli. Mdogo wangu alikuwa humo, akipata pauni mia nne na kidogo kwa mwezi.

Ubaya wake ni wakati. Chuo hakina uhakika wa fedha, kinaomba upya kila mwaka, na bajeti imekuwa ikipungua. Mwaka wa kwanza, 2021/22, ilikuwa pauni milioni 110. Kwa 2025/26 ni milioni 78. Chuo cha mdogo wangu, ambacho sitakitaja, kilimwambia mwezi Julai kwamba amepata, na fedha ya kwanza ikaingia Novemba. Septemba na Oktoba aliishi kwa fedha yangu na ya mamangu. Kwa hiyo panga kana kwamba Turing haipo. Ikija, itakuta deni la kulipa.

Sasa ile fedha ambayo hakuna anayekwambia, nayo ni ya uhakika zaidi. Kwanza, ada ya mwaka wa kusoma nje haizidi asilimia 15 ya ada ya kawaida. Wakikutajia ada nzima, uliza. Pili, akiomba mkopo kwa Student Finance England, ofisi ya mikopo ya wanafunzi, aweke wazi kwamba mwaka ujao atakuwa ng'ambo, kwa sababu mkopo wa kujikimu wa ng'ambo ni mkubwa kuliko wa hapa nje ya London. Tatu, kuna ruzuku ya safari. Kipato cha nyumba kikiwa pauni 39,796 au chini, wanarudisha gharama za nauli zinazozidi pauni 303 za mwanzo, hadi safari tatu za kwenda na kurudi, na viza na bima ya afya navyo huingia. Atunze kila risiti, hata ya basi la uwanja wa ndege. Hii si mkopo, hairudishwi. Mdogo wangu aliijua Machi, risiti nusu zimepotea, na hiyo ndiyo hasara inayoniuma mimi kuliko zote.

Upatu sasa. Dadangu, usiutie upatu wote kwenye akaunti yake kwa siku moja wiki mbili kabla ya miadi. Fedha inayotokea ghafla itaulizwa imetoka wapi, nawe hutakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kwa mdogo wangu walikubali barua ya mkopo wa wanafunzi, pamoja na barua ya chuo, na tamko langu la kumsimamia lililothibitishwa na wakili. Huenda usihitaji hizo 5,400 zikae taslimu popote. Upatu wako uweke kwa chumba na kwa miezi miwili ya mwanzo.

Na akifika huko asikae kwa furaha ya kufika. Ndani ya mwezi mmoja lazima aombe kadi ya ukaazi inayoitwa TIE, akatoe alama za vidole polisi. Miadi hiyo huipati kirahisi. Mdogo wangu alikuwa akiamka saa kumi na mbili asubuhi kuitafuta kwenye tovuti kwa wiki mbili.

MrundiWaGeneva
12 Januari 2026

Habari zenu. Mimi ni wa Bujumbura, nimekulia hapa Geneva. Niseme kidogo tu juu ya yaliyotukuta Uswisi, maana sisi tuliondolewa kabla yenu.

Tarehe 9 Februari 2014 watu walipiga kura ya kupunguza wahamiaji, ikapita kwa asilimia 50.3. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukatutoa Erasmus. Serikali ya Bern ikaunda mpango wake, na jambo walilofanya ni lile alilosema ndugu wa Leeds: wakalipia wanafunzi wetu wanaotoka na pia wanafunzi wa kigeni wanaokuja kwetu. Fedha ya Uswisi inamlipa Mhispania aje Geneva. Majirani waliwasema, kwa nini tuwalipe wageni. Lakini kwa njia hiyo mikataba mingi ilipona. Mimi mwenyewe nilikwenda Lyon muhula mmoja, na chumba changu hapa akakaa msichana wa Lyon. Kwa pasipoti ya Uswisi sikuhitaji viza, hilo ndilo linalotutenga na nyinyi.

Kazi ilikuwa kubwa kwa ofisi. Erasmus ni mkataba mmoja wa namna moja kwa wote, bila hiyo kila chuo unakiandikia peke yake. Sisi nasi tunarudi 2027. Mama, binti yako aende sasa. Nilisubiri muhula mmoja kwa sababu nyingine, nikarudi nikakuta wenzangu wote wamemaliza.

MwalimuWaLeicester
13 Januari 2026

Dada, kuna njia nyingine hawajaitaja hapo juu. Mwaka wa nje si lazima uwe wa kukaa darasani. British Council, shirika la utamaduni na elimu la Uingereza, wanapeleka wasaidizi wa kufundisha Kiingereza kwenye shule za Hispania. Ni saa 12 hadi 16 kwa wiki, unalipwa posho kila mwezi, na unachagua mikoa unayoipenda, ingawa mji wanakupangia wao. Vyuo vingi vinaukubali kama mwaka wa nje. Viza inahitajika vilevile.

Nilifanya kazi hiyo Ufaransa, na nakwambia lugha yangu ilikaa mdomoni kwa sababu ya chumba cha walimu na jikoni kwa mama mwenye nyumba. Wenzangu waliokwenda chuoni walizungukwa na Waingereza wenzao. Binti yako akiandika Andalucía kuwa chaguo lake la kwanza, hata akipangwa kijiji, Granada itakuwa safari ya basi ya Jumamosi. Afanye haraka, dirisha la maombi huwa linafungwa mwanzoni mwa mwaka. Aangalie leo, asiache mpaka kesho.

Mlimani_Mwaka3, Dar es Salaam
13 Januari 2026

Shikamooni. Samahani kuingilia. Nasoma mwaka wa tatu hapa Dar. Katika mazungumzo haya yote, sisi wa huku tuna nafasi yoyote? Nilidhani Erasmus ni ya Wazungu tu.

Kibokoni, Leeds
13 Januari 2026

Marahaba. Hujaingilia, na nafasi unayo kubwa kuliko ya watoto wa hapa kwa upande mmoja. Kuna shahada za uzamili za Erasmus Mundus, zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, unasoma muhula nchi hii na muhula nchi ile. Mtu wa taifa lolote anaomba, Tanzania imo, Kenya imo. Anayepata ufadhili hulipwa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na ada hailipi. Maombi mengi hufunguliwa kuanzia Oktoba na kufungwa karibu Januari au Februari, kila kozi na tarehe yake, kwa hiyo tazama sasa hivi zipi bado ziko wazi, na kama zimekupita anza kutayarisha barua za walimu kwa ajili ya Oktoba.

Ya pili, Erasmus ina fungu la kubadilishana wanafunzi na nchi za nje ya Ulaya, Afrika ikiwemo. Hili huombi mwenyewe, linapitia mkataba wa chuo chako na chuo cha Ulaya. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa, usipige simu, nenda ukakae kwenye kiti, uulize wana mkataba na nani mwaka huu na idara yako imo au haimo. Wanafunzi wengi hawaendi kuuliza, na nafasi inakosa mwenyewe.

MzeeWaSlough
13 Januari 2026

Nimesoma yote. La viza nilikuwa silijui, na nimempa binti huyu ushauri ambao ungemchelewesha. Naliondoa neno langu. Aende.

BintiPangani, Coventry
24 Januari 2026

Ndugu zangu, nimerudi. Nilichapisha maneno yenu, nikayapeleka chuoni tulipokwenda na mwanangu Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Yule dada wa ofisi alikuwa mpole. Tukamuuliza moja moja.

Ada ni asilimia 15, amekubali, ameandika kwa barua pepe. Turing wameomba lakini jibu hawalijui, kama alivyosema kaka wa Leeds. Nilipomwuliza kuhusu ruzuku ya safari akaniambia mimi ni mzazi wa kwanza kumwuliza hilo mwaka huu. Dada wawili waliokuwa wamekaa nyuma yetu na watoto wao wakatoa kalamu.

Kusubiri tumekuacha. Mwanangu ameomba ile ya kufundisha, ameandika Andalucía kwanza, na chuoni ameandika Salamanca ili asibaki mikono mitupu. Alilia kidogo kuhusu Granada njiani. Halafu usiku nilipotoka kazini nikamkuta macho, ana ramani ya Andalucía kwenye kompyuta, anapima saa za basi kutoka miji asiyoijua. Moyo wangu ukatulia.

Sasa kaka Kibokoni, nikuulize la mwisho. Kwenye karatasi za viza wanataka cheti cha tabia njema cha polisi, kiwe na muhuri wa apostili, ule wa kuthibitisha hati itumike nchi nyingine, na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Tumeona bei ya tafsiri mtandaoni tukashtuka. Mwanangu anasema yeye mwenyewe anajua Kihispania, kwa nini asitafsiri. Na nilitaka tukiombe hicho cheti wiki hii ili kiwe tayari, tusije tukachelewa kama mdogo wako.

Kibokoni, Leeds
25 Januari 2026

Alhamdulillah dadangu, umenifurahisha.

Cheti msikiombe sasa. Wanataka kisizidi miezi sita siku ya kuwasilisha maombi, na mkikichukua Januari kitakuwa kimechakaa wakati wa miadi. Kiombeni mwisho wa Aprili au Mei mwanzo. Mfuatano ni huu, na msiugeuze: cheti kwanza, kisha apostili juu yake, kisha ndipo mfasiri, kwa sababu na ule muhuri wa apostili unatafsiriwa. Mdogo wangu alitafsirisha kwanza, akalipa mara mbili.

Mwanao asitafsiri mwenyewe, hawatakipokea. Awe mfasiri aliyeidhinishwa na serikali ya Hispania. Orodha ya majina yao iko kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje, na wengine wanaoishi Hispania hutoza nafuu kuliko wa London na wanatuma kwa posta. Aandikie watatu, alinganishe. Risiti aiweke pamoja na zile nyingine.

Na kama akipangwa Jaén, niandikie. Kutoka huko hadi Granada ni saa moja na kidogo kwa basi, nami bado ninaye rafiki Realejo mwenye chumba cha wageni, mke wake hupika wali.